Hati Zilizobaki Mezani

Mtu aliyekaa masjala ya mahakama kama mimi anajua kwamba hati isiyomfikia mwenyewe ni shari. Ndiyo maana wanasheria wakianza kuisifu kesi ya Marbury dhidi ya Madison, mimi huuliza kwanza habari za tarishi.

Tarehe 3 Machi 1801 ilikuwa siku ya mwisho ya Rais John Adams wa Marekani madarakani. Alikwisha kushindwa uchaguzi na Thomas Jefferson, naye kabla ya kuondoka akataka kuwaweka watu wake mahakamani, wakiwemo mahakimu wa amani 42 wa Washington na vitongoji vyake. Seneti iliwathibitisha siku hiyohiyo. Rais akasaini, Waziri wa Mambo ya Nje akagonga muhuri. Waziri mwenyewe ni John Marshall, ambaye wakati huohuo alikuwa Jaji Mkuu. Kofia mbili! Ndugu yake, James, alichukua hati akazigawe. Alipoona hawezi kuzibeba zote, akarudisha nyingine ofisini.

Kesho yake Jefferson akaapishwa, akazikuta, akaagiza zisitoke.

William Marbury, mmoja wa waliokosa, akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kuomba James Madison, waziri mpya, aamriwe kumpa hati yake. Kongresi, ambayo sasa ilishikwa na chama cha Jefferson, ikafuta vikao vya mahakama, hata majaji wasikutane mpaka Februari 1803.

Na aliyeketi kusikiliza ni Marshall yuleyule. Siku hizi jaji wa namna hiyo angetakiwa ajitoe kabla jalada halijafunguliwa. Makarani wa wizara waliitwa kueleza kama hati zilikuwepo, kiapo cha James Marshall kikapokelewa, na mtu aliyezipiga muhuri yuko pale kitini, kimya, kana kwamba anasikia kwa mara ya kwanza.

Hukumu ilitoka tarehe 24 Februari. Marbury ana haki ya hati yake, na sheria inampa nafuu, ila si kwa kuanzia hapa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya 1789, alichokitegemea, kiliipa Mahakama ya Juu mamlaka ambayo Ibara ya Tatu ya Katiba haikuipa. Sheria ikigongana na Katiba, Katiba ndiyo inayosimama, na kusema hivyo ni kazi ya majaji.

Ujanja ulioje! Jefferson alishinda, kwa hiyo hakuwa na amri ya kukaidi. Marshall naye akaondoka na uwezo wa kubatilisha sheria za Kongresi, jambo ambalo Katiba haikulitamka waziwazi.

Marbury hakuupata uhakimu wake. Mahakama haikubatilisha tena sheria ya Kongresi mpaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru. Safari hiyo iliyotupwa ni sheria iliyozuia utumwa katika maeneo ya kaskazini.