Ufungaji wa jokofu la nyumbani

Ufungaji wa jokofu la nyumbani ni kazi ya kulifikisha jokofu (pia: friji) nyumbani, kulisimamisha mahali panapofaa, kuliunganisha na umeme na kurekebisha ubaridi wake kabla ya kuanza kuhifadhi chakula. Kazi hiyo huonekana nyepesi kwa sababu jokofu hupoza hata likiwa limefungwa vibaya: taa huwaka, barafu hushika, na mwenye nyumba huridhika. Makosa hujitokeza baada ya wiki au miaka, kwa sura ya kompresa iliyoungua, chakula kilichooza, mtu aliyepigwa na umeme, au moto.

Namna jokofu linavyofanya kazi

Jokofu halitengenezi baridi. Huchukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Kompresa, ile mashine nyeusi iliyo chini kwa nyuma, husukuma gesi katika mabomba. Gesi yenye shinikizo kubwa hupita katika mabomba ya nje (kondensa), hutoa joto lake na kuwa kimiminika. Kisha hupenya katika kibomba chembamba sana, shinikizo lake hushuka, na hugeuka tena kuwa gesi ndani ya kuta za jokofu huku ikifyonza joto. Karibu masharti yote ya ufungaji yanatokana na mambo mawili: joto lile lazima lipate pa kwenda, na kompresa ni mota ya umeme yenye mafuta ndani yake.

Usafirishaji na muda wa kusubiri

Jokofu husafirishwa likiwa limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka na kuingia katika mabomba. Likiwashwa papo hapo, kompresa huanza kuzunguka bila mafuta ya kutosha, au husukuma mafuta badala ya gesi. Kwa kuwa mara nyingi jokofu hubebwa kwa guta, bajaji ya mizigo au pikapu yenye bodi fupi, kulilaza wakati mwingine hakuepukiki. Hapo hulazwa kwa ubavu, si kwa mgongo wenye mabomba wala kwa mlango.

Baada ya kufika, jokofu husimamishwa na kuachwa bila kuwashwa. Vitabu vya maelekezo hutofautiana: vingine hutaka saa 2 hadi 4 kwa jokofu lililosafiri limesimama, na vingi hutaka hadi saa 24 kwa lile lililolazwa. Muda huo unafaa kutumika kuondoa vizuizi vya povu na gundi za kiwandani, na kuosha ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Harufu ya plastiki mpya huisha mlango ukiachwa wazi.

Mahali pa kuliweka

Kila kitabu cha maelekezo hutaja nafasi inayotakiwa kati ya jokofu na ukuta. Mara nyingi ni sentimita 5 hadi 10 kwa nyuma, na nafasi ya kupitisha hewa pembeni na juu. Jokofu lililobanwa katika kona, au lililofunikwa juu kwa kitambaa kinachoning'inia hadi nyuma, hubaki na joto lake lenyewe. Kompresa haipumziki, na umeme wa Luku au tokeni huisha haraka bila mtu kujua sababu. Mifano mingi ya sasa haina mabomba yanayoonekana nyuma, kwani yamefichwa ndani ya kuta za pembeni. Kuta hizo huwa za moto kwa kugusa, hasa siku za kwanza, na huo si ugonjwa.

Jua la dirishani, jiko la mkaa na jiko la gesi vyote humwongezea mzigo kompresa. Katika nchi za joto lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wachache hulitazama, nalo ni daraja la hali ya hewa, ambalo huandikwa kwa herufi kwenye kibandiko cha kiwandani. SN ni kwa chumba chenye nyuzijoto 10 hadi 32 °C, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Jokofu la daraja N, ambalo linatosha kabisa katika nyumba ya Ulaya ya kaskazini, linaweza kushindwa mchana wa Februari mjini Dar es Salaam au Mombasa, na kiangazi cha Muscat ndiyo zaidi. Anayenunua jokofu la mtumba kutoka Ulaya ana sababu ya kusoma herufi hiyo kabla ya kulipa.

Sakafu inatakiwa kuwa ngumu na iliyo sawa. Miguu ya mbele huzungushwa ili kuipandisha au kuishusha, na pimamaji ya fundi ujenzi husaidia. Watengenezaji wengi hupendekeza mbele iwe juu kidogo kuliko nyuma ili mlango ujifunge wenyewe. Mpira wa mlango hukaguliwa kwa kubana karatasi mlangoni: ikivutika bila kukwama, baridi inavuja mahali hapo. Stendi ya plastiki inayouzwa madukani huliinua jokofu kutoka kwenye sakafu yenye maji, lakini ile yenye magurudumu legevu hulifanya jokofu litikisike na kupiga kelele.

Kuunganisha na umeme

Tanzania, Kenya, Uganda na Oman hutumia umeme wa volti 230 hadi 240 na Hz 50, na plagi ya pini tatu bapa ndiyo iliyoenea. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi plagi za pini za mviringo. Marekani na Kanada hutumia volti 120 na Hz 60. Jokofu lililoletwa kutoka huko huungua likichomekwa moja kwa moja katika soketi ya volti 230. Hata likiwekewa transfoma ya kushusha volti, mota yake huzunguka polepole kuliko ilivyopangwa, kwa sababu transfoma haibadilishi Hz.

Waya wa ardhini

Waya wa jokofu una nyaya tatu ndani: wa moto, wa nyutro, na wa ardhini (erthi) ulio na rangi ya kijani na manjano. Nyaya mbili za kwanza zinatosha kuliendesha jokofu. Wa tatu hauna kazi yoyote hadi siku waya wa moto utakapochubuka na kugusa bodi ya chuma. Siku hiyo, kama erthi ipo, umeme hukimbilia ardhini kwa nguvu kubwa na fyuzi au swichi kuu hukata. Kama haipo, bodi yote hubaki na umeme, ikimngojea mtu atakayeshika mkono wa mlango akiwa peku juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto.

Erthi hupotea kwa njia nyingi, na iliyozoeleka zaidi Afrika Mashariki ni ya plagi. Majokofu kutoka Ulaya bara huja na plagi ya pini mbili za mviringo, ambayo erthi yake ni vibati vya chuma vilivyo ubavuni. Soketi ya pini tatu ina vifuniko vya usalama vinavyofunguliwa na pini ndefu ya juu. Watu huvifungua kwa kalamu au kijiti, kisha huzisukuma ndani pini mbili. Jokofu hufanya kazi, lakini vile vibati havigusi kitu. Adapta nyepesi za bei ndogo nyingi nazo huwa na kasoro hiyohiyo. Dawa yake ni kukata plagi hiyo na kufunga plagi ya pini tatu yenye fyuzi, nyaya zote tatu zikiwa zimeunganishwa.

Plagi nzuri haifai kitu kama nyumba yenyewe haina erthi, yaani fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini na kuunganishwa na soketi zote. Testa ya bisibisi inaweza kuonyesha kwamba bodi ina umeme, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba erthi ni nzima. Hilo hupimwa kwa kifaa maalumu na fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA. Swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, ni kinga ya ziada yenye thamani kubwa katika nyumba za zamani. Jokofu linalowasha vidole likiguswa huchomolewa mara moja. Kuvaa ndala si matengenezo.

Jokofu hupewa soketi yake ukutani. Ekstensheni inayobeba pia pasi, birika la umeme na televisheni hupata joto kwenye maungio, na kwa kuwa iko nyuma ya jokofu hakuna anayeiona ikiyeyuka. Waya nao haupitishwi chini ya miguu ya jokofu.

Umeme mdogo na umeme unaokatika

Umeme ukishuka mno, kompresa hushindwa kuanza. Hunguruma, huvuta mkondo mkubwa na kupata joto hadi kinga yake ndogo inapokata kwa mlio wa "ta", kisha hujaribu tena. Mchezo huo ukirudiwa kila jioni huunguza mota. Umeme unaokatika na kurudi baada ya sekunde chache huleta shida ya namna hiyohiyo, kwani shinikizo la gesi halijapata nafasi ya kutulia na kompresa hulazimika kuanza ikiwa na mzigo.

Vifaa vya kinga vya madukani ni vya aina mbili, navyo huchanganywa. Friji gadi hukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na huchelewesha kuurudisha kwa dakika kadhaa. Haiongezi volti. Stabilaiza huinua au kushusha volti ili zifae. Mahali ambapo umeme hukatikakatika tu, friji gadi inatosha. Mahali ambapo umeme ni mdogo kila jioni, friji gadi italizima jokofu jioni nzima, na hapo stabilaiza ndiyo inayohitajika. Uwezo wake uzidi sana wati zilizoandikwa kwenye jokofu, kwa sababu kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Gesi inayowaka

Majokofu ya zamani yalitumia R-12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na iliyoondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Mahali pake palichukuliwa na R-134a, ambayo haidhuru ozoni lakini huongeza joto la dunia. Matumizi ya gesi za kundi hilo yanapunguzwa kufuatana na Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa nchini Rwanda mwaka 2016. Majokofu mengi mapya ya nyumbani yana R-600a, yaani isobuteni, gesi ya jamii moja na gesi ya kupikia. Kibandiko chake huwa na alama ya moto ndani ya pembetatu.

Kiasi chake ni kidogo, mara nyingi gramu chache za makumi, na ikiwa ndani ya mabomba haina hatari. Ikivuja ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Kanuni iliyo katika vitabu vingi vya maelekezo ni mita moja ya ujazo ya chumba kwa kila gramu 8 za gesi. Jokofu lenye gramu 40 linahitaji basi chumba cha mita za ujazo 5 au zaidi, sharti ambalo stoo iliyo chini ya ngazi huenda isilitimize. Mabomba yakitobolewa, madirisha hufunguliwa, moto huzimwa, na hakuna swichi inayoguswa hadi hewa isafike. Kisu cha kubandulia barafu ndicho adui mkubwa wa mabomba hayo.

Moto wa jokofu hutokea mara chache, lakini nyuma ya jokofu kuna povu na plastiki zinazowaka vizuri. Moto wa jengo la Grenfell Tower mjini London, tarehe 14 Juni 2017, ulianza kwa hitilafu ya umeme katika jokofu kubwa la nyumba moja kwenye ghorofa ya 4. Kuta za nje za jengo zilikuwa na vifaa vinavyoshika moto, na watu 72 walikufa.

Kuwasha na kurekebisha ubaridi

Jokofu huwashwa likiwa tupu na kuachwa kwa saa kadhaa, hata siku nzima, hadi lipoe. Kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 7 huwakanganya wengi. Namba hizo si nyuzijoto, na katika majokofu mengi namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Kwenye kioo cha kidijitali ni kinyume, maana pale huandikwa nyuzijoto zenyewe. Njia ya uhakika ni kuweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati na kukisoma kesho yake. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kinachooza haraka kihifadhiwe chini ya 5 °C, na friza hupangwa kwenye −18 °C.

Nyama na samaki wabichi huwekwa rafu ya chini, katika chombo kilichofunikwa, ili maji yao yasidondokee chakula kilichopikwa. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya 2 na 8 °C na huharibika ikiganda, kwa hiyo haiwekwi karibu na sehemu ya barafu wala kugusa ukuta wa nyuma. Umeme ukikatika, jokofu lisilofunguliwa hutunza chakula kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa saa 48.

Jokofu la zamani

Jokofu jipya likifika, la zamani mara nyingi hutupwa uani. Majokofu ya kale yalikuwa na komeo lisilofunguka kutoka ndani, na watoto waliojificha humo katika michezo walikosa hewa na kufa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kutaka milango ya majokofu ya nyumbani ifunguke kutoka ndani, na mpira wenye sumaku ukachukua nafasi ya komeo. Friza nyingi za kulala bado zina kufuli. Chombo kisichotumika huondolewa mlango au mfuniko wake siku hiyohiyo, na mabomba yake hayakatwi kwa ajili ya shaba kabla fundi hajaitoa gesi.