Siku Jua Lilipofanya Pete Kusini



Mhariri aliponitaka niandike habari ya historia, bila shaka alitarajia Majimaji. Hiyo imeandikwa na watu wanaoijua kunishinda. Mimi nitaeleza historia ya juzi tu, iliyopita juu ya vichwa vyetu wenyewe.

Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa. Kivuli cha Mwezi kilianzia baharini magharibi ya Afrika, kikapita Gabon na Kongo zote mbili, kikaingia Tanzania, kisha Msumbiji na Madagaska. Siku hiyo Mwezi ulikuwa mbali kidogo na Dunia, kwa hiyo haukuweza kulifunika Jua lote. Ulifunika kiasi cha asilimia 97 ya upana wake, na kingo zilizobaki zikafanya pete ya moto. Ndiyo sababu wataalamu huita kupatwa kwa namna hiyo kupatwa kipete.

Na mahali ambapo tukio hilo lilifikia kilele chake duniani kote palikuwa huku kwetu kusini, porini kaskazini mashariki ya mji wa Tunduru. Hapo pete ilidumu dakika 3 na sekunde 6. Wengi wa wana Ruvuma niliopata kuzungumza nao hawalijui jambo hili hata leo.

Miongoni mwa watu waliojitahidi sana kuwaeleza wananchi habari hiyo mapema ni Dkt. Noorali Jiwaji, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wengine walimwita mnajimu, lakini neno hilo kwetu linanuka ramli. Mimi napenda kumwita mwanafalaki. Chuo chake, kilichoanzishwa mwaka 1992, hufundisha watu waliotawanyika mikoani, nadhani ndiyo maana naye hakuona taabu kufundisha watu ambao hakuwahi kuwaona. Aliandika magazetini juu ya anga la usiku la Tanzania, akimweleza msomaji wa kawaida ni sayari ipi itaonekana na atazame upande gani. Kazi hiyo haikuhitaji darubini. Ilihitaji macho, na uwanja usio na taa, kitu ambacho Songea tunacho kuliko Dar es Salaam.

Kwa ajili ya siku ile watu walielekezwa Rujewa, wilayani Mbarali, mkoa wa Mbeya, ambako njia ya pete ilikuwa karibu na barabara kuu. Walikusanyika wanafunzi, wakulima, viongozi na wageni kutoka nje, wakapeana zamu za miwani maalumu. Uamuzi huo sikuulaumu: ukimpeleka mgeni katika pori la Tunduru utamlaza wapi?

Sisi wa Songea mjini tulikuwa nje kidogo ya njia ya pete, hivyo tuliona Jua likiwa kama mwezi mwandamo. Niseme kweli, tuliona kwa kuibia. Ofisini kwetu mmoja alileta ndoo ya maji atazame humo, mwingine akaja na filamu ya eksirei, vyote viwili vikiwa hatari kwa macho. Katika shule moja ambayo sitaitaja, watoto walifungiwa darasani hadi mambo yalipokwisha. Mimi niliokolewa na mwembe. Nilipoinamisha kichwa niliona chini, kati ya vivuli vya majani, mamia ya Jua vidogo vyenye umbo la hilali, kwa maana kila upenyo kati ya majani ulikuwa ukileta taswira ya Jua ardhini. Ukitoboa karatasi kwa sindano na kuipa Jua mgongo, utapata jambo lile lile juu ya karatasi ya pili, bila kuumia. Fizikia ya kidato cha pili, nami nilipata alama nzuri!

Basi nikatazama, nikastaajabu, nikarudi kazini. Sikuandika saa iliyoanza wala saa iliyokwisha. Kosa hili limekuwa likinisumbua tangu niliposoma habari za Janet Mattei, mzaliwa wa Bodrum nchini Uturuki. Tangu mwaka 1973 hadi alipofariki mwaka 2004 aliongoza chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1911 kwa ajili ya kutazama nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua. Wanachama wengi si wataalamu. Mtu hutoka nje usiku, hulinganisha nyota yake na jirani zake ambazo mwanga wao unajulikana, kisha huandika tarehe, saa na kadirio lake. Wataalamu waliotaka kuelekeza darubini ya Hubble kwenye nyota kama hizo walitegemea taarifa za watu hao, wajue nyota imelipuka au imetulia. Kinachomtofautisha mtazamaji huyo na mimi chini ya mwembe ni penseli tu.

Babu zetu walikijua kilimia, wakapanga kilimo kwa kukitazama, lakini daftari hawakutuachia. Nasi tuliosoma tumewaachia nini hawa wa sasa?

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa lote huko Misri na Arabuni. Nchini mwetu litapatwa kipande tu. Tarehe 21 Mei 2031 litapatwa kipete tena, na njia yake itapita Tanzania. Nimenunua daftari gumu, nimemkabidhi mwalimu wa fizikia wa shule yetu. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mwenyewe: tarehe 1 Septemba 2016, Songea mjini, hilali chini ya mwembe, mchana, saa haikuandikwa.