Kimya Katikati ya Mkoromo

Mtu wa redio haogopi kukosea jina la waziri kama anavyoogopa kimya. Sekunde 10 za kimya hewani zinatosha kumfanya fundi mitambo asimame na mkuu wa zamu apige simu studio. Ndiyo maana nilishtuka siku ile mama watoto alipochukua kinasa sauti changu cha kazini, akakitega usiku kando ya kitanda, na asubuhi akanivisha hedifoni. Nilitarajia kusikia kukoroma kwangu, jambo ambalo watoto wamelifanyia mzaha miaka nenda miaka rudi. Nikasikia mkoromo, kisha kimya. Nikatazama saa. Sekunde 10, 20, 28. Halafu ukaja mlio kama wa mtu anayeibuka kutoka majini, na mkoromo ukaanza upya.

“Hapo ndipo huwa nakutikisa,” akasema. “Nikichoka, namwachia Mungu.”

Madaktari walinipima wakasema ni apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hujifunga, na kifua huhangaika bure. Oksijeni ikipungua katika damu, ubongo humgutusha mtu nusunusu ili apumue, wala asubuhi hakumbuki kitu. Kwa aliyezidiwa, mambo hayo hurudiwa mara 30 au zaidi kila saa. Kila mara moyo hukurupushwa na shinikizo la damu hupanda, katika saa zile ambazo moyo ulipaswa kupumzika. Nikaanza kusoma historia ya ugonjwa huu, na kilichonishangaza ni jinsi wasomi walivyopita mlangoni pake miaka mingi bila kubisha hodi.

Walianza kwa kucheka, kama tunavyocheka sisi. Mwaka 1836 Mwingereza Charles Dickens alianza kutoa riwaya yake The Pickwick Papers, ambamo yumo mtumishi kijana, mnene, aitwaye Joe, anayesinzia kila mahali na kukoroma hata akihudumu mezani. Ilikuwa burudani tupu. Miaka 120 ikapita. Mwaka 1956 Dk. C. Sidney Burwell na wenzake huko Boston, Marekani, waliandika habari za mfanyabiashara mnene wa miaka 51 aliyekwenda hospitali baada ya kusinzia katikati ya mchezo wa karata. Mkononi alikuwa na ree tatu na wafalme wawili, karata ambazo mcheza kamari huziota, naye akapitiwa na usingizi asivune hata senti. Ugonjwa wake wakaupa jina kutokana na riwaya ile ya Dickens. Wakampunguza uzito, akapata nafuu. Ila chanzo cha kusinzia kwake walikitafuta mchana, wakasema ni hewa ya ukaa iliyozidi katika damu. Hakuna aliyekwenda kukaa kando ya kitanda chake usiku.

Ilibidi kungoja hadi 1965. Mwaka huo makundi mawili ya watafiti, moja la Marseille, Ufaransa, na jingine la Freiburg, Ujerumani, yaliwapima wagonjwa wa namna hiyo mawimbi ya ubongo na pumzi kwa pamoja wakiwa wamelala. Wakakiona kile ambacho wake wa wakoromaji walikuwa wakikijua siku zote: pumzi inakatika. Tiba iliyofuata ilikuwa nzito. Mgonjwa alitobolewa shingoni chini ya koromeo na kuwekewa bomba, apumulie hapo usiku, mchana aliziba. Walioteseka sana walikubali.

Ahueni ilitoka Sydney, Australia, mwaka 1980. Dk. Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa aliyeshauriwa kutobolewa shingo, naye hakutaka. Sullivan akatumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta, na hewa hiyo ikapitishwa puani usiku kucha ili kuta za koo zisikutane. Mtu yule akalala. Mwaka 1981 habari za wagonjwa watano zilichapishwa katika jarida la The Lancet. Mashine ninayolala nayo leo ni mjukuu wa ile. Bei yake si mchezo, na barakoa yake inanifanya nifanane na rubani wa ndege za kivita, lakini asubuhi naamka mtu.

Kwa wasiotibiwa, hesabu zimekuja pole pole. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu wa kawaida kwa miaka mingi. Mwaka 2000 walieleza kwamba wenye kukatika pumzi mara 15 au zaidi kwa saa walikuwa katika hatari ya karibu mara tatu ya kupata shinikizo la damu katika miaka minne. Mwaka 2008 wakaongeza kwamba waliokuwa na hali mbaya kabisa walikabiliwa na hatari ya kifo takriban mara tatu ya wengine. Tusitie chumvi, hata hivyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 haukuona kwamba mashine inawapunguzia mshtuko wa moyo na kiharusi wale ambao tayari wana maradhi hayo, ingawa kusinzia kulipungua. Wengi waliivaa kwa saa tatu hivi tu kwa usiku.

Kusinzia nako kunaua. Tarehe 1 Desemba 2013 treni ya abiria ilipinduka Bronx, New York, kwenye kona ya kilomita 48 kwa saa ikiwa inakwenda 132. Watu wanne walikufa. Dereva alikuwa amepitiwa na usingizi, na wachunguzi walikuta ana apnia ambayo hakuijua.

Niliposoma hayo nilimkumbuka marehemu mjomba, dereva wa lori, ambaye utingo wake walimwita Jenereta. Hakuwa mnene, na wembamba nao wamo katika ugonjwa huu. Aliamka na kichwa kinachogonga, akasinzia akiwa na kijiko mkononi, na mwajiri wake akamwachisha kazi kwa uvivu. Alifariki usingizini, nasi msibani tukasema kapumzika vizuri. Hakuna aliyewahi kumpima.

Mwaka 2002, nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, nilimrekodi akisimulia safari zake za Zambia. Kanda bado ninayo. Anafika mpakani Tunduma, anaanza kueleza foleni ya malori, sauti inazama, mkoromo unaanza. Unakuja mara nne, mara tano, kisha hausikiki. Hapo nikazima, nisije nikamaliza kanda bure.