Ushauri kwa Mwenye Gari la Umeme una Historia Yake

Mjadala wetu kuhusu magari ya umeme una kasoro moja kubwa: huendeshwa kana kwamba magari hayo yamezaliwa jana. Mwenzangu mmoja hapa chuoni alinunua gari la umeme lililokwisha kutumika, kutoka Japani, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekusanya mashauri ya kutosha kujaza daftari. Mmoja alimwambia asilichaji mpaka betri iishe kabisa. Wa pili alimwonya asiiache iishe hata siku moja. Wa tatu alimtaka asivuke asilimia 80. Wa nne, fundi wa magari ya kawaida, alimshauri aliuze upesi kabla watu hawajastuka. Aliponiuliza mimi, mtu wa historia, ni nani anayesema kweli, nilimjibu kwamba watatu wa kwanza wote wamesema kweli, ila kila mmoja alizungumzia betri ya zama nyingine.

Jibu hilo linastahili kufafanuliwa, kwa kuwa ndani yake mna suala la sera ambalo watumishi wa umma na wanaharakati wetu hawajalitazama vya kutosha.

Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yaliendeshwa kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, na gari lile, lililoitwa La Jamais Contente, lilikuwa la umeme. Kilichoyawezesha magari hayo ni betri ya risasi na asidi, ambayo Gaston Planté aliibuni mwaka 1859 na Camille Faure akaiboresha mwaka 1881 hata ikafaa kutengenezwa kwa wingi viwandani.

Betri hiyo ilidai malezi. Ndani yake mlikuwa na bamba za risasi, ile metali nzito, zilizozamishwa katika asidi, na kila ilipochajiwa kiasi fulani cha maji kiligeuka gesi na kupotea. Mwenye gari alipaswa kufungua vifuniko mara kwa mara na kuongeza maji yaliyokenekwa, yale ambayo mafundi wetu huyaita maji ya betri, kwa sababu maji ya bomba yana madini yanayodhuru bamba. Alipaswa kupima uzito wa asidi kwa haidromita: betri iliyojaa huonyesha takriban 1.28, iliyokwisha hushuka kuelekea 1.15. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuiacha betri imekwisha chaji kwa siku kadhaa, maana salfati ilijijenga juu ya bamba, ikagumu, na sehemu hiyo ya betri ikafa bila kufufuka. Hapa ndipo ulipozaliwa ushauri wa yule wa pili. Aidha, chaji ilipokaribia kujaa ilibidi mkondo upunguzwe, la sivyo betri ilipata joto na kutoa haidrojeni kwa wingi. Chumba cha kuchajia kilitakiwa kiwe na hewa ya kutosha na kisiwe na moto wowote, sharti ambalo halikuwa jepesi katika miaka ambayo nyumba nyingi bado zilitumia taa za mwale.

Likaja tatizo la pili. Betri huchajiwa kwa umeme unaokwenda upande mmoja tu, ilhali miji mingi ilikuwa ikihamia kwenye umeme unaogeuka-geuka, huu tunaoutumia majumbani hadi leo. Kifaa kilichookoa hali kilikuwa kigeuza mkondo cha zebaki, alichokibuni Peter Cooper Hewitt mwaka 1902: chupa ya kioo yenye zebaki, iliyotoa mwanga wa kutisha kidogo ikiwa kazini, na ambayo tajiri angeweza kuifunga katika banda lake la gari. Leo kazi hiyo hufanywa na kifaa kilichofichwa ndani ya gari lenyewe, wala mwenye gari hajui kama kipo mpaka kiharibike.

Sasa tuulize swali ambalo mwanahistoria hapaswi kulikwepa: ni nani aliyeifanya kazi hii yote? Matangazo ya wakati ule yalimwonyesha mwanamke wa tabaka la juu akiwa ameketi kwa utulivu katika gari lililo kama sebule ndogo. Hata Clara Ford, mke wa mtu aliyeieneza petroli kuliko yeyote, aliendesha gari la Detroit Electric. Lakini si yeye aliyeongeza maji ya betri. Kazi ile ilikuwa ya watu wa gereji waliolaza magari usiku, wakayachaji na kuyarudisha asubuhi kwa malipo ya mwezi. Gereji ilipokuwa na fundi mzembe, betri ilikufa mapema na lawama ikaangukia teknolojia nzima. Ninaamini sehemu kubwa ya sifa mbaya ya magari ya umeme ya zama zile ilijengwa hivyo.

Thomas Edison alijaribu kulitatua tatizo kwa kubadili kemia. Betri yake ya nikeli na chuma ilitangazwa kwa mbwembwe mwanzoni mwa karne, ikavuja, ikaondolewa sokoni, kisha ikarudi ikiwa imara mwaka 1909. Hii haikudhurika ikiachwa tupu. Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye betri ya risasi na kununua ya Edison alilazimika kusahau nusu ya aliyofundishwa. Miongo mingi baadaye zikaenea betri ndogo za nikeli na kadimiamu katika redio na simu, na hizo ndizo zilizotuachia mazoea ya kumaliza chaji yote kwanza ndipo uchaji. Ushauri wa yule wa kwanza ulitoka huko. Kwa betri ya lithiamu iliyomo katika magari ya leo, mazoea hayo hayana faida yoyote.

Hata lithiamu yenyewe haina kanuni moja. Betri zinazotumia mchanganyiko wa nikeli na kobalti huzeeka upesi zikikaa zimejaa kabisa, hasa penye joto, kwa hiyo kuishia asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku ni busara. Asilimia 100 iachiwe asubuhi ya safari ndefu. Zile za fosfeti ya chuma, ambazo zimo katika magari mengi ya Kichina, huvumilia zaidi, na baadhi ya watengenezaji huagiza kabisa zijazwe mara kwa mara ili mitambo ipime sawasawa chaji iliyobaki. Kwa hiyo mtu akikupa kanuni ya asilimia 80 bila kukuuliza kwanza gari lako lina betri ya aina gani, mshukuru kwa adabu na uendelee na safari yako.

Ila kemia ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni ya taasisi. Tazama mahali ambapo magari ya umeme yalidumu. Teksi za umeme za Walter Bersey zilianza London mwaka 1897 na kufikia 1899 zilikuwa zimeondoka barabarani, kwa gharama za betri na matairi. Kinyume chake, kampuni ya umeme ya Hartford, katika jimbo la Connecticut, ilichukua njia nyingine. Mwenye lori alinunua lori bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni: iliitunza, iliichaji, na ilimbadilishia kila ilipokwisha, naye akalipa ada ya mwezi pamoja na malipo kwa kila maili aliyokwenda. Huduma hiyo ilidumu hadi 1924 na malori yake yalitembea zaidi ya maili milioni 6, yaani karibu kilomita milioni 10. Kampuni ilikuwa na sababu ya kuitunza betri vizuri, kwa kuwa ikifa hasara ni yake. Uingereza nayo, katikati ya karne iliyopita, ilikuwa na makumi ya maelfu ya magari madogo ya umeme yaliyogawa maziwa majumbani alfajiri. Yalilala bohari moja, yakachajiwa usiku, yakahudumiwa na mafundi walewale miaka nenda miaka rudi.

Tumezoea kufundishana kwamba petroli ilishinda kwa ubora wake. Stata ya umeme ya Charles Kettering, iliyofungwa katika magari ya Cadillac ya 1912, iliondoa adha ya kuzungusha hendeli; Ford alishusha bei; na vijijini petroli iliuzwa dukani kwa kopo ilhali nguzo za umeme hazikuwapo. Hayo ni kweli. Lakini mwenye gari la petroli alipata pia mtandao wa watu wa kumtunzia gari: vituo, mafundi, vipuri. Mwenye gari la umeme aliachiwa kijitabu cha maelekezo.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Nissan Leaf ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2010, betri yake haikuwa na mfumo wa kupoozwa kwa maji. Kioo cha mbele ya dereva kilionyesha mistari 12 ya uwezo wa betri. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, penye joto kali, waliona mistari ikipotea mapema mno. Badala ya kila mmoja kunung'unika kwake, walikusanya vipimo, wakalinganisha, wakawasilisha malalamiko, na baadhi wakafungua kesi. Kampuni ikatoa dhamana ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya mistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itarekebishwa au kubadilishwa. Mistari ile 12, ambayo awali ilikuwa habari tu kwa dereva, ikawa kipimo cha haki.

Magari ya aina hiyohiyo ndiyo yanayofika Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika, maandishi ya kiooni yakiwa bado ya Kijapani. Dhamana kwa kawaida hubaki katika soko ambamo gari liliuzwa mara ya kwanza. Kwa mnunuzi, basi, kilomita zilizosomeka si jambo la kwanza. Aangalie mistari ya uwezo, tena achomeke kifaa cha kusomea chini ya usukani na kuisoma hali ya betri kwa simu, maana mistari inaweza kurejeshwa kwa hila huku betri ikiwa ileile. Aangalie aina ya plagi ya kuchajia, kwa kuwa Japani, Ulaya na China hazikubaliani. Nyumbani, fundi wa umeme ahakikishe waya wa ardhini upo na unafanya kazi. Chaja nyingi hukataa kuwaka bila huo. Asichaji kwa ekstensheni ya dukani: soketi inayovumilia pasi kwa dakika 20 haikukusudiwa kubeba mzigo kwa saa 8 mfululizo. Na asiisahau betri ndogo ya volti 12, ambayo katika magari mengi ya umeme bado ni ya risasi na asidi, ileile ya Planté. Ikifa, gari lenye betri kubwa iliyojaa halitawaka.

Yote hayo mnunuzi anaweza kuyafanya. Asichoweza ni kuweka sharti bandarini kwamba kila gari la umeme lililotumika liingie na cheti cha hali ya betri. Hawezi kupanga bei ya umeme ya usiku, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2023 ilipoweka kundi maalumu la bei kwa usafiri wa umeme, lenye nafuu saa za matumizi madogo. Makampuni ya umeme ya Marekani yaliitambua faida ya bei za namna hiyo zaidi ya karne moja iliyopita: mitambo inayolala usiku ni mtaji uliokaa bure. Sisi tuna bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na usiku wa manane hatuna la kufanya na sehemu kubwa ya umeme huo.

Wala mpangaji hawezi kumlazimisha mwenye nyumba amruhusu kufunga soketi ya kuchajia uani kwa mita yake mwenyewe ya LUKU. Mwenzangu ni mpangaji. Analichaji gari lake chuoni mchana, kwa hisani ya mlinzi, katika soketi iliyowekwa kwa ajili ya mashine ya kukatia majani.