Utalii wa sokwe wa milimani: Nani hunufaika Rwanda na Uganda?

Rwanda na Uganda hutenga sehemu ya mapato ya utalii kwa ajili ya wananchi wanaopakana na hifadhi za sokwe wa milimani. Utaratibu huo umeleta shule, zahanati na maji, lakini si kila aliyebeba gharama za uhifadhi anayefaidika.

Sokwe wa milimani wanapatikana katika maeneo mawili tu duniani: milima ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na msitu wa Bwindi ulioko kusini magharibi mwa Uganda. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha kuwa wako 1,063.

Wageni wachache, bei ya juu

Kila familia ya sokwe hutembelewa na wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja. Kwa kuwa nafasi ni chache, bei ni kubwa. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha mgeni kutoka dola 750 hadi dola 1,500 za Marekani. Nchini Uganda kibali hicho kinauzwa dola 800 tangu Julai 2024.

Rwanda ilianza kugawana mapato na wananchi mwaka 2005 kwa kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii ya hifadhi zake. Mwaka 2017 mgawo huo ulifikia asilimia 10. Fedha hizo hugharimia miradi ya pamoja katika wilaya zinazozunguka hifadhi, zikiwemo Musanze na Burera.

Sheria ya Uganda inatenga asilimia 20, kiwango ambacho kwa mtazamo wa haraka ni kikubwa zaidi. Hata hivyo, asilimia hiyo inakokotolewa kutoka katika kiingilio cha hifadhini, ambacho ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Kutokana na kibali chenyewe, wananchi hupata dola chache. Kwa hiyo, pamoja na ukubwa wa asilimia, ni muhimu kutazama inatolewa katika fungu gani.

Zahanati hairudishi viazi

Mashamba ya viazi na pareto yamefika hadi ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Volkano nchini Rwanda. Ukuta wa mawe umejengwa kuzuia nyati, ingawa baadhi yao huuvuka. Zahanati ni faida ya kijiji kizima, ilhali hasara ya mazao yaliyoliwa humwangukia mkulima mmoja. Ndiyo sababu Rwanda ina mfuko wa kufidia madhara ya wanyamapori, na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 nayo imeweka utaratibu wa fidia.

Wabatwa wasubiri haki

Kundi lililopoteza zaidi ni Wabatwa, ambao kwa vizazi vingi waliishi kwa kuwinda na kukusanya asali misituni. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, waliondolewa na wengi wao wakabaki bila ardhi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitambua kwamba hawakufidiwa ipasavyo, na kuelekeza suala la fidia lisikilizwe na Mahakama Kuu. Kwa jamii isiyo na shamba wala elimu ya kutosha, ajira za hoteli na uongozaji watalii huwa mbali kufikiwa.

Watalii wasipokuja

Machi 2020 janga la virusi vya corona lilisimamisha safari na ajira zikatoweka. Miezi michache baadaye, sokwe dume mashuhuri wa Bwindi aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki na mtu aliyeingia msituni kuwinda. Mtu huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Kongo nayo inaonyesha kuwa utalii hauwezi kustawi pasipo usalama. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilifungwa kwa wageni kwa miezi kadhaa baada ya watalii wawili kutekwa nyara Mei 2018.

Kwa familia zinazoishi kando ya misitu hii, utalii hupunguza umaskini pale mgawo unapokuwa wa kutosha, fidia inapolipwa kwa wakati na kipato kingine kinapokuwapo siku ambazo wageni hawaji.