Kuzama na Kuzamia

Kwetu Magu neno "mzamiaji" halikuja na habari za likizo. Watu wa umri wangu tulilisikia redioni mwezi Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Wazamiaji walikuwa watu walioletwa kutoka mbali, wengine hadi Afrika Kusini, kuja kutoa maiti ziwani.

Sasa binamu yangu anayeishi Zanzibar ameniandikia kwamba nikienda likizo atanilipia siku moja ya kuzamia kwa mtungi, ile ya wanaoanza, unashuka na mwalimu kando yako na humzidi mita 12. Nilimsomea mama ujumbe ule. Akauliza, "Kwani nani kazama?"

Swali la mama ni la kisarufi pia. Kuzama hakuhitaji ridhaa ya mtu: jua linazama, mtumbwi unazama. Ongeza ile "i" moja tu, upate kuzamia, na ghafla mtu ana nia yake. Vijana wa bandarini wanazamia meli kwenda Ulaya. Wengine wanazamia harusi za watu wale pilau. Mzamiaji ni mtu aliyeingia mahali asipoalikwa, na kwa kweli chini ya maji hakuna aliyetualika.

Kinachotupitisha mlangoni ni hewa. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi pale tu anapovuta pumzi, tena kwa presha inayolingana na ya maji yaliyomzunguka. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakubana kwa nguvu sawa na ya anga lote lililo juu ya bahari. Ndiyo maana somo la kwanza ni moja: usibane pumzi. Ukipanda huku umeibana, hewa inatanuka na inaweza kupasua mapafu.

Nilipofika hapo nikaacha kusoma habari za likizo, nikarudi 1996. MV Bukoba ilikaa tumbo juu kwa muda, ikielea kwa hewa iliyonaswa ndani, na humo ndani kulikuwa na watu hai wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikazama. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili haitapatikana kwa sababu daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Wengi wamezikwa Igoma, pale pale kwenye barabara yetu ya kwenda mjini. Ukipanda basi kutoka Magu, lazima upite.

Halafu tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, ng'ambo ya Ghuba ya Speke tunayoitazama kila siku. Walikufa watu 228. Siku mbili baadaye, matumaini yakiwa yameshakwisha, wazamiaji wakamkuta fundi mitambo wa kivuko akiwa hai, kwenye mfuko wa hewa uliobaki ndani. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kusikia mzamiaji amerudi na mtu anayepumua.

Binamu ana mpango wake. Anataka tukaone Great Northern, meli ya Waingereza iliyokuwa ikitandaza nyaya za telegrafu baharini, ikazama Zanzibar mwaka 1902. Eti haiko chini sana, hata anayeanza anafika, na samaki wamejaa humo kama sokoni. Nimemjibu: matumbawe sawa, meli hapana. Ananicheka, anasema ya 1902 si ya kwetu. Labda. Lakini yeye aliondoka kanda ya ziwa akiwa mtoto mdogo.

Kumbe hata hayo matumbawe yana mlinzi wake. Fomu ya afya inauliza kuhusu masikio, moyo, na pumu. Mimi nilikuwa na pumu hadi darasa la tano. Ukijibu ndiyo, lazima daktari aandike kwanza kwamba unafaa. Nimepanga kwenda Jumatatu. Mama anasema tutakwenda wote, ana maswali yake kwa daktari.