Yai Huamshwa na Nini? Habari ya Kalisiamu

Wadau, ndoa ikikaa bila mtoto, kijiweni wa kwanza kunyooshewa kidole ni mwanamke. Hata mimi nilikuwa nanyoosha, sifichi. Baadaye nikasoma yanayotokea ndani ya yai, nikabadilika. Nawawekea hapa kwa ufupi.

Yai la mamalia likitoka kwenye ovari linakuwa limesimama katikati ya kugawanyika, kama gari lililovutwa hendibreki. Linasubiri mbegu. Mbegu ikishaungana nalo, inaliingizia protini iitwayo PLC-zeta. Hiyo inakata mafuta fulani yaliyomo ndani ya yai, inapatikana molekuli ndogo, IP3. Sasa IP3 ndiyo inafungua milango ya ghala la kalisiamu, ghala lililomo humo humo ndani ya yai. Kalisiamu inamwagika, inapita yai zima kama wimbi, inarudishwa ghalani, kisha inamwagika tena. Kwa panya, mchezo huu unaendelea kwa saa kadhaa, hadi viini vya baba na mama vijitokeze.

Faida yake nini? Kwanza, vifuko vilivyo chini ya utando vinamwaga vitu vinavyobadilisha ganda la yai, mbegu nyingine zisipenye. Pili, hendibreki inashushwa: yai linamaliza kugawanyika na safari ya kiinitete inaanza.

Haya yalijulikana polepole. Mwaka 1977 Ridgway, Gilkey na Jaffe waliona kalisiamu ikipanda ghafla kwenye yai la samaki medaka, wakitumia protini ya konyeza inayotoa mwanga ikikutana na kalisiamu. Mwaka 1981 ikaonekana kwa panya. PLC-zeta yenyewe ilitangazwa mwaka 2002 na watafiti wa Cardiff, Wales.

Sasa turudi kijiweni. Wapo wanaume ambao mbegu zao zina kichwa cha duara, na mara nyingi zimepungukiwa PLC-zeta au hazina kabisa. Hata daktari akiichoma mbegu moja kwa moja ndani ya yai kwa sindano (njia iliyoleta watoto wa kwanza Brussels mwaka 1992), yai linaweza kubaki limelala tu. Hapo baadhi ya kliniki huliweka yai kwenye dawa ya kupandisha kalisiamu ili liamke. Si tiba ya kila mtu, ila wapo waliopata watoto.

Kumbuka pia kipimo cha kawaida cha mbegu kinaangalia idadi, mwendo na umbo. PLC-zeta hakipimi. Na kabla hujauliza: kunywa maziwa hakuzibi pengo hilo!

Kwa hiyo mkienda hospitali nendeni wawili. Kumrudisha binti wa watu kwao kabla mwanaume hajapimwa ni dhuluma.

Nawasilisha. Mwenye swali au nyongeza ashushe kwenye maoni, matusi tu hapana.